Tarumbeta na Wanaolifuata

Mapema mwaka 1871, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley akiwa Bagamoyo akitafuta wapagazi wa safari ya kumsaka mmisionari Livingstone, mapadre wa Roho Mtakatifu walimwalika chakula. Misheni yao ilikuwa bado changa. Padre Antoine Horner na wenzake waliianzisha mwaka 1868, wakawakusanya humo watoto waliokombolewa utumwani. Walipokwisha kula, wavulana wapatao ishirini walipangwa mbele ya mgeni na bendi yao ya tarumbeta, wakamwimbia nyimbo za Kifaransa. Stanley alistaajabu, na katika kitabu chake akawataja mama wa watoto wale kwa dharau. Mimi nawawaza watoto wenyewe. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa halijafungwa, lingefungwa mwaka 1873, nao wamesimama wima wakipuliza nyimbo za nchi wasiyoijua, kuwaburudisha waliokaa mezani.

Si muziki wote wa pwani uliokuwa wa namna hiyo, mmoja akae na mwingine apige. Katika miaka ya 1890, huko Lamu na Mombasa, vijana waliokwisha kuziona bendi za jeshi na za misheni walibuni ngoma yao, beni, ikaenea kusini hadi Tanga na Dar es Salaam. Walivaa sare, wakapiga kwata, wakapeana vyeo: kingi, jenerali, daktari. Lakini beni haikuchezwa uani kwa waalikwa. Ilishika njia, ikapita mitaani, na kila mtaa ulikuwa na upande wake. Tanganyika palikuwa na Marini, waliojiona wenye mji na waliosoma, na Arinoti, iliyowapokea zaidi wageni na watu wa kazi ngumu. Walishindana kwa mavazi, kwa nyimbo za mafumbo na kwa karamu zilizowaacha wengine na madeni. Mshindi alijulikana kwa wingi wa watu waliomfuata.

Vita vya 1914 hadi 1918 viliibeba beni mbali na bahari. Askari na wapagazi wa pande zote mbili waliifikisha Tabora, Nyasaland na Kongo, hata maofisa wa Kiingereza wakaingiwa na wasiwasi: watu gani hawa wenye majenerali wao na matawi kila mji? Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975.

Beni ya vyeo ilififia, lakini mwendo wake wa mtaani haukuwa mgeni pwani. Wazaramo wana mdundiko, ngoma ya kumtoa mwali, inayozunguka nyumba hadi nyumba na kuzoa kila aliye barazani. Mama wa uswahilini akisikia mdundiko unapita hushika mkono wa mwanawe kwanza, maana watoto wengi wameufuata hadi mtaa wa mbali wakashindwa kurudi.

Na yapo matarumbeta. Harusini hupanda pikapu mbele ya msafara, wapulizaji mashavu yamevimba, ngoma kubwa imebanwa kati ya magoti. Mpenzi wa Simba au Yanga anayajua pia, maana siku ya mechi hukoleza shamrashamra za mashabiki. Timu yake ikishinda, mchezo kwake haujaisha: watu huselebuka, wimbo wa harusi hugeuzwa papo hapo kuwa wa kumsuta mtani, na mwenye furaha humtunza mpulizaji kwa kumbandika noti kwenye paji la uso lenye jasho. Yanga ilizaliwa 1935 na Simba 1936, siku ambazo ushindani wa beni ulikuwa bado haujasahaulika Dar es Salaam. Kwa maoni yangu, utani wao umerithi mengi kutoka kwa Marini na Arinoti.

Tukirudi Bagamoyo tulikoanzia, mji huo una chuo cha sanaa tangu 1981, TaSUBa ya leo, kinachofundisha ngoma na muziki. Basi ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwenu kuna picha ya babu aliyevaa sare ya beni, au bibi anayekumbuka nyimbo za mafumbo, nakili picha hiyo, rekodi sauti ya bibi sasa, na upeleke nakala pale chuoni.