Somo la Redio: Kijibahasha cha Dawa na Maandishi Yake

Wanafunzi wa madarasa ya watu wazima wa Tunduma, Mbozi, Ileje na Momba, karibuni. Leo hatusomi habari za wafalme wala za vita. Twasoma historia ya kitu kidogo ambacho kila mmoja wenu amepata kukishika: kijibahasha cha dawa.

Siku moja, katika darasa moja hapa mpakani, mama mmoja alinionyesha kijibahasha alichopewa kwa ajili ya mwanawe. Juu yake paliandikwa 1 x 3, basi. Hapakuwa na jina la dawa wala la mtoto. Mama yule ndiyo kwanza amejifunza kuzidisha, akaniambia kwa furaha, "Mwalimu, moja mara tatu ni tatu. Nimpe vidonge vitatu." Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Lakini aliyeandika alikusudia kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana na kimoja usiku. Kosa halikuwa la mama, lilikuwa la mwandishi.

Tazameni malaria. Zamani dawa yake ilikuwa klorokwini, ile chungu iliyowawasha watu wengi mwili. Mtu mzima alimeza vidonge 4 siku ya kwanza, 4 siku ya pili, na 2 siku ya tatu. Mwaka 2001 Serikali iliiacha kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea, ikaleta SP: vidonge 3 kwa mara moja, kazi imekwisha. Kisha, tangu mwishoni mwa mwaka 2006, ikaja dawa mseto. Hii mtu mzima humeza vidonge 4 kwa mara moja, vingine 4 baada ya saa 8, halafu 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku mbili zinazofuata. Jumla ni vidonge 24. Hebu fikirini mtu aliyezoea SP akipewa dawa mseto katika karatasi isiyo na maandishi! Atameza mara moja, apate nafuu, aache, na ugonjwa umrudie. Ndiyo maana paketi nyingi za dawa hii zilichorwa picha, hata asiyejua kusoma aone ameze vingapi na lini.

Hata nchi tajiri zilijifunza kwa machozi. Marekani, mwaka 1937, kiwanda kimoja kiliyeyusha dawa katika kimiminika chenye sumu, kikaiita "eliksiri". Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto. Sheria ya wakati ule haikulazimisha dawa ipimwe usalama wake kabla ya kuuzwa. Serikali iliweza kuikamata kwa sababu ya jina tu: eliksiri ilipaswa kuwa na spiriti, na ile haikuwa nayo. Neno moja lililobandikwa juu ya chupa! Sheria mpya ilipitishwa mwaka 1938.

Kwetu, mwaka 2003 ilitungwa Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi. Mwaka huohuo mkoani Ruvuma yalianza Maduka ya Dawa Muhimu, ambayo wauzaji wake hufunzwa kwanza, yakachukua nafasi ya maduka ya dawa baridi. Baadaye yakaenea nchini.

Nasi wa Tunduma tuna shida yetu. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, nchi ya Zambia, na dawa ya huko huandikwa Kiingereza. Ukiinunua, mwombe muuzaji akueleze, nawe uandike kwa Kiswahili papo hapo. Usione haya. Wanaoona haya ndio ninaowahofia zaidi.

Sasa shikeni kalamu. Chora kijibahasha katika daftari, uandike: jina la mgonjwa, jina la dawa, vidonge vingapi kila mara, saa ngapi, siku ngapi, tarehe ya mwisho ya dawa kutumika. Kisha mpe jirani yako daftari, akusomee kwa sauti. Akikosea kukuelewa, andika upya.