Fuvu la Villella

Katika mwaka 1876 tabibu wa Italia, Cesare Lombroso, alichapisha kitabu juu ya mtu mhalifu, kilichojadiliwa miaka mingi na mahakimu na waganga wa Ulaya. Fikra yake kuu, kama alivyosimulia mwenyewe, ilitokana na fuvu moja. Giuseppe Villella, maskini wa Calabria, kusini mwa Italia, alikuwa amehukumiwa kwa wizi akafa mfungwa. Lombroso alipolichunguza fuvu lake aliona kishimo upande wa nyuma, akadhani ni alama ya wanyama wa chini. Basi akakata shauri kwamba wako watu wanaozaliwa wahalifu, na kwamba taya kubwa, masikio yaliyochomoza na mikono mirefu huwatambulisha.

Vijana wapendwa, kumbukeni hali ya nchi ile. Italia iliungana mwaka 1861, na jeshi la serikali mpya lilipigana kwa ukatili na waasi na wanyang'anyi wa kusini. Ilikuwa rahisi kuwaambia watawala kwamba ubaya wa watu wale umo mifupani mwao. Aliyesadiki hivyo hakuhitaji tena kuuliza habari za ardhi wala za njaa.

Mwaka 1913 Charles Goring, tabibu wa magereza ya Uingereza, alitoa vipimo vya wafungwa wapatao 3,000, akiwalinganisha na askari na wanafunzi wa vyuo. Hakuiona sura ya mhalifu. Wafungwa walikuwa wafupi na wepesi kidogo, basi. (Hata yeye hakupona kabisa: alidhani akili dhaifu ya kurithi ndiyo sababu.)

Hamu ile haikufa. Mwaka 1965 Patricia Jacobs na wenzake walipima wanaume 197 katika hospitali yenye ulinzi mkali huko Scotland, wakakuta 7 wenye kromosomu Y ya ziada, jambo linalompata mtoto wa kiume mmoja hivi kati ya 1,000. Magazeti yakaivumisha kuwa kromosomu ya uuaji. Lakini waliopimwa walikuwa wamekwisha kufungiwa! Wengine wenye hali hiyo walikuwa makwao, wakifanya kazi zao bila kujijua. Mwaka 1976 watafiti waliopima wanaume warefu zaidi ya 4,000 wa Copenhagen walipata 12 tu. Ni kweli kwamba kadhaa kati yao walikuwa na hukumu, lakini nyingi zilikuwa za makosa madogo. Ukali wa pekee haukuonekana.

Kuhusu Villella, mji wake wa Motta Santa Lucia ulidai fuvu mahakamani ili lizikwe. Mwaka 2012 hakimu aliamuru lirudishwe. Mwaka 2019 mahakama ya juu kabisa ikaamua libaki. Lingali Turin, katika makumbusho yanayohifadhi pia mifupa ya Lombroso, aliyeusia mwili wake uchunguzwe vivyo hivyo.