Simba Wana Majina, Sisi Hatuna Hata Idadi

Wasee, kuna mzee mmoja wa Afrika Kusini ambaye husimulia hadithi za simba kwenye skrini kubwa, na wengi wenu mmemsikia bila kumjua. Anaitwa John Kani. Ile Mufasa: The Lion King iliyotoka Desemba 2024, yeye ndiye sauti ya Rafiki mzee, anayemsimulia mtoto wa Simba habari za babu yake. Rudi nyuma hadi 1996, kwenye The Ghost and the Darkness, yeye tena ndiye Samuel, msimulizi wa habari za simba wala watu wa Tsavo.

Huyo mzee mimi namkubali sana. Lakini hiyo ya Tsavo ni hadithi ya hapa jirani kabisa. Ukitoka Kibwezi upite Mtito Andei, Makueni imeisha, na chini ya saa moja uko kwenye daraja la mto Tsavo. Kitui nayo, upande wa kusini kule Ikutha na Mutha, iko mlangoni pa mbuga hiyo hiyo. Kwa hivyo leo naandika historia ya filamu za hawa simba nikiwa mtazamaji wa Ukambani. Digrii ya historia sina, chuo niliacha mwaka wa pili. Lakini kutoka huku kwenda Nairobi kuona filamu, nauli ya kwenda na kurudi inazidi tiketi yenyewe. Maoni yangu nimeyalipia.

Tuanze na kilichotokea. Mwaka wa 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa. Katika miaka ya ujenzi walileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India. Machi 1898 mhandisi wa kijeshi, John Henry Patterson, akafika Tsavo kujenga daraja. Simba wawili madume wakaanza kuvuta watu kutoka kwenye mahema usiku. Hiyo haikuwa wiki moja wala mbili, ilikuwa miezi tisa. Kuna wakati vibarua walidandia garimoshi wakatoroka, na kazi ya daraja ikasimama karibu wiki tatu. Simba wa kwanza alipigwa risasi tarehe 9 Desemba, wa pili tarehe 29 Desemba. Patterson alikaa na ngozi zao miaka mingi kama mazulia, kisha mwaka wa 1924 akaiuzia Field Museum ya Chicago kwa dola 5,000. Wako huko hadi leo, nyuma ya kioo, wanapigwa picha na watoto wa shule.

Walikula watu wangapi? Hapo ndipo mambo yanaanza kunuka. Kwenye kitabu chake cha 1907, Patterson alitaja vibarua Wahindi 28. Kuhusu Waafrika alisema walikuwa wengi, ila hakuna rekodi rasmi iliyowekwa. Baadaye hesabu yake ikapanda hadi 135. Mwaka wa 2009 wanasayansi walipima kemikali kwenye mifupa na nywele za simba wale, wakakadiria watu takriban 35, mmoja akiwa amekula kama 24 na mwenzake kama 11. Halafu mwaka wa 2024 kikundi kingine, akiwemo Ogeto Mwebi wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, kikachunguza nywele zilizokwama kwenye meno yaliyovunjika. Wakapata twiga, pundamilia, nyumbu, kuro, choroa, na binadamu.

Hebu tulia hapo kidogo. Leo tunaweza kukuambia kwa uhakika kwamba simba yule alikula choroa. Mwafrika aliyeliwa hatujui anaitwa nani, alitoka wapi, wala nani alibaki akimngoja. Hakuna mtu aliyekatazwa kuandika. Karani alikuwepo, na kalamu alikuwa nayo. Mhindi aliandikwa kwa sababu alikuwa na mkataba, na akifa lazima kuna mtu wa kujibu. Huyu mwingine hakuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Sasa shika hilo, twende kwenye filamu.

Ya kwanza ni Bwana Devil ya Arch Oboler. Ilizinduliwa Los Angeles tarehe 26 Novemba 1952, na ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya rangi Marekani kutoka katika 3D, ile ya kuvaa miwani. Matangazo yaliahidi kwamba simba atakuangukia mapajani. Ilirekodiwa California, na mimi niliiona kwa simu bila miwani, kwa hivyo simba wangu walibaki mbali. Kama filamu, manze, ni nyepesi. Lakini mmeshawahi kuona ile picha maarufu ya jarida la Life, watu wamejaa ukumbini, wote wamevaa miwani ya 3D wakiangalia mbele? Wanachoangalia ni hii. Picha moja inayojulikana kuliko zote katika historia ya kwenda sinema, na upande wa pili wa miwani ni Tsavo, hapo chini ya Mtito Andei.

Angalia pia tarehe. Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Wiki tano baadaye Hollywood inapiga mayowe kwa sababu ya simba wa Kenya. Wakenya wenyewe wanakamatwa usiku na kutupwa kizuizini, na Mkenya wa kwenye filamu kazi yake ni kubeba mizigo na kukimbia.

Ya pili ndiyo wengi mnaijua, The Ghost and the Darkness. Iliandikwa na William Goldman, ikaongozwa na Stephen Hopkins. Nitasema ukweli, hii ni filamu nzuri. Ile nyasi ndefu inayotikisika bila upepo mpaka leo inanifanya niinue miguu kwenye kiti. Ilipata Oscar ya uhariri wa madoido ya sauti, na ilistahili. Lakini ilirekodiwa Afrika Kusini. Simba wake wana manyoya mengi shingoni, na wale wa kweli hawakuwa nayo. Michael Douglas ni Remington, mwindaji Mmarekani ambaye hakuwahi kuwepo duniani, ameongezwa tu ili kuwe na nyota wa pili. Remington anakuja na wapiganaji wa Kimaasai. Wakamba na Wataita, ambao hiyo ndiyo nchi yao, mimi sikuwaona. Simba wamepewa majina, mmoja Mzuka, mwingine Giza. Walioliwa ni watu wa kupita tu.

Kuna mtu ataniambia, "Wewe nawe, ni burudani tu, historia tafuta kwa vitabu." Sawa. Lakini jiulize wewe binafsi unajua nini kuhusu 1898. Karibu kila mtu ninayemuuliza anataja simba wawili na Mzungu mwenye bunduki. Hatukuisoma hiyo mahali. Tuliiona kwenye runinga Jumapili mchana. Burudani ndiyo kitabu cha historia ambacho watu wengi wamemaliza.

Tuje kwa Mufasa, ambayo hii niliiona ukumbini kabisa, skrini kubwa na popkoni. Barry Jenkins ni mwongozaji mkali, na macho yangu yalishiba. Nyimbo hazikunikaa kichwani kama zile za 1994. Kilichonigusa ni mwanzo wake. Inaanza na ukame. Mufasa mdogo na wazazi wake wanatafuta maji, wanaota mahali panapoitwa Milele, na mvua wanayoingojea inapofika inakuja na mafuriko yanayomsomba mtoto. Mtu wa Kitui hahitaji kufafanuliwa hiyo. Sisi tunajua kungoja mvua miezi, na tunajua mto Enziu, Desemba 2021, basi la wanakwaya waliokuwa wakienda harusini, na watu zaidi ya 30 ambao hawakufika. Nilikaa kwenye kiti nikasema, hii ni kwetu.

Halafu nikaangalia tena. Majina ni Kiswahili, Simba, Rafiki, Sarabi, Pumbaa. Nyika ni kama hii yetu. Ila binadamu hakuna hata mmoja. Sisemi katuni ya wanyama ingewekewa mama mboga. Nasema tu, ukizipanga hizi filamu kwa miaka, ona zinakoelekea. Mwaka wa 1952 tulikuwa wabeba mizigo. Mwaka wa 1996 tulikuwa umati. Sasa nchi inapendeza, lugha inatumika, na watu wameondolewa kabisa.

Na kuna kitu hakuna hata moja kati ya hizo iliyokionyesha. Mwaka huo huo wa 1898, wakati Patterson anavizia juu ya jukwaa lake na bunduki, Ukambani watu walikuwa wanakufa njaa. Wazee wanaiita Yua ya Ngomanisye, njaa iliyofika kila mahali. Sotoka ilikuwa imeshapita mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikafagia ng'ombe. Mvua zikakosa. Ndui ikaingia. Huku kwetu wazee hawakuhesabu miaka kwa kalenda ya ukutani, walihesabu kwa njaa. Hata ile ya miaka ya 1980 ina jina lake, Nikwa Ngwete, yaani nakufa na pesa nimeshika mkononi. Muulize susu wako alizaliwa lini, uone kama hatakutajia njaa.

Na hiyo njaa si habari ya kando. Ni sehemu ya sababu simba walikula watu. Sotoka haikuua ng'ombe peke yao, iliua pia nyati na wanyama wengine ambao simba huwinda. Mmoja wa wale simba alikuwa na jino bovu lenye usaha, na mnyama mwenye jino kama hilo hawezi kupambana na nyati. Watafiti wengine wanasema pia kwamba kwa miaka mingi maiti za watu zilikuwa zikiachwa kando ya njia za misafara, na simba wakazoea ladha hiyo. Kwa hivyo simba wa Tsavo hawakuwa mashetani. Walikuwa na njaa, katika nchi yenye njaa, na katikati yake inapita reli yenye mchele wa vibarua.

Hiyo ndiyo filamu ninayoitaka. Familia inatoka Kibwezi kwa miguu kufuata reli, kwa sababu imesikika kwamba huko kuna chakula. Simba hatumwoni sana, tunamsikia. Patterson anaonekana mara mbili, kwa mbali, Mzungu fulani kwenye jukwaa. Na mtu akiliwa, tunamjua jina, kwa sababu tumetembea naye saa nzima.

Msiniambie hatuna watu wa kuitengeneza. Mbithi Masya alitengeneza Kati Kati mwaka wa 2016, na ikashinda tuzo ya wahakiki wa filamu kule Toronto. Mwaka wa 2022 Country Queen, mfululizo wa kwanza wa Kenya wa Netflix, uliweka Kikamba masikioni mwa dunia nzima, na hadithi yenyewe ni ya kijiji kinachopigania ardhi yake. Nakumbuka mama yangu akicheka peke yake sebuleni kwa sababu mtu kwenye skrini alitukana kama jirani yetu. Hiyo raha ya kujisikia mwenyewe, watu wa Los Angeles wanayo kila wikendi.

Tena hii si ya kujifurahisha tu. Ndovu na simba bado wanatoka mbugani Tsavo, na watu wa Kibwezi na Kitui Kusini bado wanajeruhiwa, wengine wanafariki. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema familia ya aliyeuawa na mnyama ilipwe shilingi milioni 5. Kwenye karatasi, basi, siku hizi tunahesabika. Lakini malalamiko ya fidia kuchelewa yako kila baraza, na familia zinazunguka na faili miaka. Simba akiuawa na wanakijiji, dunia nzima inajua kufikia jioni. Mkulima akiuawa shambani anapata aya mbili, mara nyingi bila jina. Ukimlea mtazamaji miaka sabini na hadithi ambazo ndani yake mnyama ana jina na mtu hana, usishangae akisoma habari hivyo hivyo.

Simba wa Chicago kuna watu wanataka warudishwe Kenya. Warudi, sipingi, nitapanga foleni kama kila mtu. Ila kwenye ule ukuta karibu na kioo chao nataka kuandikwe pia Ngomanisye. Na kabla ya hapo, kama kwenu kuna mzee anayekumbuka aliyoambiwa na wazazi wake kuhusu reli na njaa ile, washa simu umrekodi, hata kama ni dakika kumi za Kikamba zenye kelele za kuku. Uliza majina. Hayo majina ndiyo karani wa 1898 hakuandika, na hakuna mwandishi wa Hollywood atakayekuja Mutha kuyatafuta.