Taima ya kompyuta inachelewa? Angalia namba hii

Roboti ya kiwandani inayopokea amri kila milisekunde 1 haina muda wa kusubiri. Amri ikichelewa, mkono unakosea njia. Ndiyo maana mifumo endeshi ya wakati halisi hupimwa: taima ikigonga, programu inaamka baada ya muda gani?

Kwenye Linux, kipimo kinachotumika sana ni cyclictest, kilichoanzishwa na Thomas Gleixner. Kinapanga muda wa kuamka, kinalala, kikiamka kinatazama saa. Tofauti inayopatikana ndiyo ucheleweshaji, kwa mikrosekunde.

Usidanganyike na wastani. Namba ya kuangalia ni Max. Mashine iliyowahi mara milioni ikachelewa mara moja tu, bado imefeli. Pima kwa saa nyingi, mashine ikiwa na kazi nzito.

Max ikiwa juu, kagua haya:

• Kernel: andika uname -a. PREEMPT_RT isipoonekana, anzia hapo. Imo ndani ya Linux yenyewe tangu toleo 6.12, Novemba 2024.

• Kipaumbele na kumbukumbu: endesha kipimo kwa -p 80 na -m.

• BIOS: huweza kuishika prosesa bila Linux kujua. Programu ya hwlatdetect huinasa.

• Kuokoa umeme: prosesa iliyolala huchelewa kuamka. Jihadhari, kwa kawaida cyclictest huzuia usingizi huo, hivyo programu yako inaweza kuchelewa kuliko kipimo kinavyoonyesha.