Tetemeko la Inchi na Kuta Tulizorithi



Siku ya yubile tunahesabu miaka, ubatizo na ndoa. Ni vema. Lakini jengo la zamani lina hesabu yake nyingine, iliyoandikwa ukutani: ni nyufa. Inafaa tujifunze kuisoma.

Mapadri Weupe walianza misioni ya Kasongo mwaka wa 1903. Katika misioni za siku zile, watu walifinyanga udongo wa mahali, wakachoma matofari, wakainua kuta nene. Kuta za namna hii hubeba uzito wa paa bila taabu. Udhaifu wao ni huu: haziwezi kuvutwa. Tetemeko likizisukuma huku na huku, hazipindi kama mti. Tofari linaachana na mwenzake.

Wengine husema kwamba matetemeko ni mambo ya Bukavu na Goma. Historia yakataa. Tarehe 13 Desemba 1910, pande za ziwa Rukwa, katika Tanzania ya leo, kulitokea tetemeko lililo kati ya makubwa kabisa ya Afrika katika karne ya 20. Mwezi wa Septemba 1992 inchi ilitikisika Kabalo, mji ulio kwenye Lualaba hii yetu, upande wa kusini. Watu walikufa na nyumba zikabomoka. Tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko la nguvu ya 6,8 chini ya ziwa Tanganika liliangusha nyumba za Kalemie.

Nyumba za sala na za shule hazikuachwa. Dominika tarehe 3 Februari 2008, tetemeko lililopiga Bukavu na Rusizi, ng'ambo ya mpaka katika Rwanda, liliangusha kanisa juu ya watu waliokuwa katika ibada. Na tarehe 10 Septemba 2016, huko Bukoba, majengo ya shule ya zamani ya Ihungo, iliyoanzishwa na Mapadri Weupe, yaliharibika hata ikabidi kujengwa upya.

Tena, hatari haimaliziki inchi inapotulia. Matetemeko madogo hufuata, na ukuta uliobaki umesimama waweza kuwa umeumia ndani. Kwa hiyo, mtu asiingie kanisani kabla ya fundi kutazama mnara, pembe, matao na kuta za mbele na nyuma zinazopanda hadi kilele cha paa. Kengele isipigwe kabla ya mnara kupimwa, maana mwendo wake huutikisa.

Kisha tuchunguze nyufa. Ule mwembamba wa lipu tu si wa kuogopesha sana. Lakini ule unaopanda kama ngazi kati ya matofari, au unaotoka dirisha hadi dirisha na kupenya hata upande wa pili, ni neno zito. Wengi hukimbilia kuufunika kwa simenti na rangi kabla ya sikukuu. Huko ni kumziba mgonjwa kinywa asiseme panapouma.

Afadhali tuuache useme. Fundi apake plasta kidogo juu ya ufa na kuandika tarehe. Plasta ikipasuka, ukuta bado unatembea. Apige misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa, na kupima nafasi kati yao kwa milimita, kila juma mwanzoni, kisha kila mwezi. Apime saa ileile, maana jua hutanua ukuta. Na aendelee masika na kiangazi, maana mvua huvimbisha udongo wa msingi. Timazi itaonyesha kama ukuta unainama. Nafasi ikizidi kukua, jengo lifungwe na mhandisi aitwe.

Vipimo vyote viandikwe katika daftari moja ya parokia. Jambo hili si geni kwetu. Kardinali Lavigerie aliwaagiza Mapadri Weupe kuandika daftari ya matukio katika kila misioni, na kwa daftari hizo tunajua mengi ya siku za kwanza. Waliotutangulia walituachia kuta pamoja na desturi ya kuandika. Tukitunza kuta na kuacha kuandika, watoto wetu watarithi nyufa wasizojua umri wao, wala hawatajua kama kanisa wanamosali limesimama imara au linangoja tetemeko lingine.