Kombe wa Menai

Katikati ya karne ya 19, kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilinunua kauri Unguja na kuzipeleka kwa meli hadi Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Kauri zikaingia kwenye vitabu vya hesabu. Kombe, aliyeokotwa ufuo uleule, aliingia chunguni.

Hata hivyo, chakula cha pwani kina kumbukumbu zake. Unguja Ukuu, kwenye Ghuba ya Menai, wanaakiolojia wamefukua vigae vya Uchina na Ghuba ya Uajemi pamoja na magamba yaliyotupwa na walaji wa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Kombe anayetafutwa zaidi huko ni Anadara antiquata. Hilo jina la pili alipewa na mwanasayansi Linnaeus mwaka 1758. Gamba lake ni nene, lina mifuo mingi inayoshuka hadi ukingoni, na akiwa hai hufunikwa na ngozi ya kahawia yenye manyoya. Mpasue, atatoka damu nyekundu. Ni damu kweli, yenye himoglobini kama yetu, jambo adimu kwa viumbe wa magamba mawili, nayo humsaidia kuvumilia matope yenye hewa haba. Hukaa kati ya nyasi za bahari, nusu amejizika, amejishikiza kwa nyuzi ngumu. Hakimbii.

Kwa hiyo anayemtaka hahitaji ngalawa. Anahitaji kuujua mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana na pwani kavu hutanda mbali. Wanawake na watoto huteremka na ndoo, wakipapasa matope kwa vidole na nyayo, kisha hurudi kabla maji hayajajaa. Samaki walihesabiwa dikoni, waliposhushwa kutoka vyomboni. Ndoo ya kombe ilipitia mlango wa uani, na sidhani kama karani yeyote aliifuata.

Menai ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1997. Katika miaka ya 2000, wanawake wa Fumba, kijiji cha ghuba hiyo, wakishirikiana na Taasisi ya Sayansi za Bahari, walikubaliana kufunga baadhi ya sehemu zao za kuokotea. Hesabu yao ilikuwa na mantiki: kombe dume na jike humwaga mbegu na mayai majini, hivyo wakitawanyika mno, mengi hupotea bila kukutana. Wakubwa wakiachwa pamoja, watoto wao huchukuliwa na maji, na baadhi hutua kwenye matope yasiyofungwa.