Kitufe cha Namba Fupi

Katika simu za ofisini kimo kitufe ambacho huwekewa namba nzima ya mtu, kikibonyezwa mara moja simu ikaita. Mfasiri hushawishika kukiita "kitufe cha haraka". Historia yamkanusha.

Neno simu asili yake ni Kiajemi, maana yake waya. Na waya wa telegrafu ulifika Unguja mwaka 1879. Zilipokuja simu za kisahani tukasema kuzungusha namba, na wengine hawajaacha. Simu za vitufe zilianza kutumiwa na wateja wa Marekani mwaka 1963. Kisha, mwezi Mei 1965, huko Succasunna katika jimbo la New Jersey, ukaanza kazi mtambo wa kielektroniki wenye kumbukumbu, na mteja akaweza kupiga namba ndefu kwa tarakimu chache tu.

Basi kilichopatikana hapo ni ufupi wa namba. Kasi ni matokeo yake. Napendekeza "namba fupi", na kitendo chake kiwe "kuweka namba fupi". Maana maofisini mwetu barua ya haraka ni ile isiyoweza kungoja, na karani aonaye "kitufe cha haraka" atakihifadhi kwa siku ya moto.